Je, kesi za uzembe wa kitabibu ndizo zinazopandisha gharama za matibabu? Tafiti zilikuta nini hasa?

Mjumbe wa Bodi (mwenye swali)

Ndugu zangu, salaam kwenu nyote. Mimi ni mjumbe wa bodi ya huduma za afya katika halmashauri moja nchini Tanzania, na ndani ya bodi ninawakilisha watumiaji wa huduma, kwa hiyo si daktari wala mwanasheria. Katika kikao chetu cha mwisho tulijadili pendekezo la kuanzisha daftari la kuandika kila tukio ambalo mgonjwa ameumia kutokana na matibabu yenyewe, si kutokana na ugonjwa uliomleta: kidonda cha upasuaji kilichotunga usaha, dawa iliyotolewa kwa kipimo kisicho sahihi, mgonjwa aliyewekewa damu isiyo ya kundi lake, mzee aliyeanguka kitandani usiku.

Mjumbe mwenzangu, mtu mzima ninayemheshimu sana, alilipinga pendekezo hilo kwa nguvu. Alisema daftari la namna hiyo litakuwa ushahidi mikononi mwa mawakili, kwamba matibabu nchini Marekani yamekuwa ghali kupita kiasi kwa sababu wagonjwa wa kule hufungua kesi kwa kila jambo, na kwamba hospitali ambayo mara nyingine huishiwa glavu haiwezi kubeba mzigo wa kulipa fidia. Wengi walimuunga mkono, na pendekezo likaahirishwa hadi kikao kijacho.

Hoja yake naichukulia kwa uzito, na sitaki kuijibu kwa hisia. Naomba wenye ufahamu wa tafiti hizi wanisaidie. Katika kila wagonjwa mia wanaolazwa, ni wangapi wanaoumizwa na matibabu? Kati ya hao, ni wangapi wanaokwenda mahakamani? Gharama za kesi hizo ni sehemu gani ya gharama zote za afya? Na je, kuna utafiti uliofanyika katika hospitali zinazofanana na zetu?

Mchumi wa Afya

Ndugu Mjumbe, umeuliza swali ambalo serikali ya jimbo la New York iliwahi kuuliza kwa maneno yanayokaribiana na ya mzee mwenzako. Katikati ya miaka ya 1980, ada za bima ambayo madaktari huikata ili iwalipie wanapodaiwa fidia zilipanda kwa kasi, madaktari wakalalamika, na jimbo likawapa watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard kazi ya kutafuta ukweli. Timu hiyo ilikuwa na madaktari kama Howard Hiatt, Lucian Leape na Troyen Brennan, ambaye pia ni mwanasheria, pamoja na mtakwimu Nan Laird. Hawakuanzia kwenye kesi. Walianzia kwenye masjala za hospitali, na hapo ndipo ulipo uzito wa kazi yao, kwa sababu anayehesabu kesi peke yake hawezi kuwaona waliokaa kimya.

Walichagua kwa nasibu mafaili zaidi ya 30,000 ya wagonjwa waliolazwa mwaka 1984 katika hospitali 51 za jimbo hilo. Wauguzi na wachambuzi wa kumbukumbu waliyapitia kwanza, wakayatenga yale yaliyoonyesha dalili ya jambo lisilo la kawaida, kisha madaktari wawili, kila mmoja peke yake, wakalisoma kila faili lililotengwa na kuamua kama mgonjwa aliumizwa na matibabu na kama kulikuwa na uzembe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991. Asilimia 3.7 ya waliolazwa walipata madhara yaliyotokana na matibabu, na zaidi kidogo ya robo ya madhara hayo yalitokana na uzembe, yaani takriban mgonjwa mmoja katika kila mia. Walio wengi walipona ndani ya miezi sita, lakini asilimia 13.6 ya matukio yale yaliishia kwa kifo.

Sasa fikia sehemu inayohusu hoja ya mwenzako. Watafiti walilinganisha mafaili hayo na kumbukumbu za madai ya fidia. Wagonjwa 280 katika sampuli walikuwa wameumizwa kwa uzembe kwa mujibu wa madaktari waliosoma mafaili. Waliofungua madai kati yao walikuwa 8 tu. Na hii ni New York, mahali panaposifika kwa wingi wa mawakili. Utafiti uliofuata katika majimbo ya Utah na Colorado, kwa mafaili ya mwaka 1992, ulikuta picha ileile: karibu wagonjwa 97 katika kila 100 walioumizwa kwa uzembe hawakudai chochote.

Kwa hiyo dhana kwamba kila anayeumia hukimbilia mahakamani haikupata ushahidi hata kule inakosemwa kwamba imeanzia. Mambo matatu yanachanganywa katika mjadala wenu, nayo yanapaswa kutenganishwa tangu mwanzo: kuumia, uzembe na madai. Wanaoumia ni wengi kuliko waliofanyiwa uzembe, na waliofanyiwa uzembe ni wengi mno kuliko wanaodai.

Daktari wa Upasuaji

Naheshimu maelezo ya Mchumi, ila ameacha nusu ya habari ambayo sisi tunaosimama mezani usiku hatuwezi kuiacha. Katika utafiti huohuo wa New York madai yaliyooanishwa na mafaili ya sampuli yalikuwa 47. Kama 8 tu yalitoka kwa walioumizwa kwa uzembe, ina maana mengine 39 yalifunguliwa dhidi ya madaktari ambao wasomaji wa mafaili hawakuona uzembe wao. Hofu ya daktari haikutoka hewani. Daktari makini anaweza kudaiwa, na daktari mzembe anaweza kustaafu bila kudaiwa hata mara moja.

Tena, kusoma faili si sawa na kuwepo. Anayelisoma faili akiwa tayari anajua kwamba mgonjwa alifariki huona makosa kwa urahisi ambao sisi hatukuwa nao wakati ule. Ndiyo maana wasomaji wale walikubaliana vizuri kiasi kuhusu kama matibabu yalisababisha madhara, lakini kukubaliana kwao kuhusu uzembe kulikuwa hafifu.

Na hofu hii ina gharama. Daktari anayeogopa kudaiwa huagiza vipimo ambavyo mgonjwa havihitaji, hupiga picha ya CT pale ambapo mikono na macho yalitosha, na humlaza mtu ambaye angeweza kurudi nyumbani. Mwaka 1996 wachumi Daniel Kessler na Mark McClellan walichunguza wazee wenye maradhi ya moyo wanaotibiwa chini ya Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, na wakakuta kwamba katika majimbo yaliyopunguza ukali wa sheria za fidia, gharama za hospitali zilishuka kwa asilimia 5 hadi 9 bila vifo kuongezeka. Mzee wa bodi asidharauliwe. Tiba ya kujihami ipo.

Mchumi wa Afya

Daktari, nakubaliana nawe kwamba tiba ya kujihami ipo, na nakubali pia kwamba ndiyo sehemu kubwa ya gharama zinazohusiana na kesi. Tofauti yetu iko kwenye kiasi. Makadirio ninayoyaona kuwa ya uangalifu zaidi ni ya Michelle Mello na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 2010. Walijumlisha fidia, mawakili, uendeshaji wa bima na tiba ya kujihami, wakapata dola bilioni 55.6 kwa thamani ya mwaka 2008, ambapo bilioni 45.6 zilikuwa za tiba ya kujihami. Ni fedha nyingi sana, lakini ni asilimia 2.4 tu ya matumizi ya afya ya Marekani kwa mwaka. Asilimia 97 na ushei zilizobaki zina sababu nyingine, hasa bei za juu za huduma, dawa na uendeshaji.

Matokeo ya Kessler na McClellan yalihusu wagonjwa wa moyo peke yao, na ofisi ya bajeti ya Bunge la Marekani ilipokadiria mwaka 2009 athari ya kupunguza ukali wa sheria za fidia nchi nzima, ilipata upungufu wa takriban nusu ya asilimia moja ya matumizi yote ya afya. Jimbo la Texas lilifanya jaribio hilo kwa vitendo mwaka 2003 lilipoweka kikomo cha dola 250,000 kwa daktari kama fidia ya maumivu na mateso. Madai yalipungua sana. Lakini Bernard Black, David Hyman na wenzao, walipofuatilia matumizi ya Medicare katika jimbo hilo na kuyalinganisha na majimbo mengine, hawakuona gharama za matibabu zikishuka. Waliofaidika moja kwa moja ni waliokuwa wakilipa ada za bima. Mgonjwa wa kawaida hakuona bili yake ikipungua, na yule aliyeumia alipata mlango mwembamba zaidi wa kupitia.

Muuguzi Mstaafu

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Nimefanya kazi wodini na katika kitengo cha ubora kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ningependa kumjibu Mjumbe swali lake la mwisho, ambalo naona limepitwa.

Ndiyo, utafiti upo katika hospitali zinazofanana na zetu. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa mafaili 15,548 kutoka hospitali 26 za nchi nane, ikiwemo jirani yetu Kenya, pamoja na Misri, Jordan, Moroko, Tunisia, Sudan, Afrika Kusini na Yemen. Njia iliyotumika ilikuwa ya namna ileile ya New York. Asilimia 8.2 ya mafaili yalionyesha angalau tukio moja la madhara, na nchi kwa nchi kiwango kilikuwa kati ya asilimia 2.5 na 18.4. Wasomaji waliona kwamba asilimia 83 ya matukio hayo yangeweza kuzuilika, na karibu asilimia 30 yalihusishwa na kifo cha mgonjwa. Naomba Mjumbe aiweke tarakimu hii mbele ya bodi kabla ya tarakimu yoyote ya Marekani. Mengi ya matukio hayo hayakuhitaji mashine mpya ili yasitokee. Yalihitaji mafunzo, usimamizi, utaratibu unaofuatwa na mtu anayeuliza kwa wakati.

Nimekaa na mafaili mengi, na ninachoweza kusema ni kwamba faili la mgonjwa wetu huficha kuliko linavyoonyesha. Chati ya joto haijajazwa tangu jana mchana. Dawa imeandikwa na daktari, lakini hakuna saini ya aliyeitoa, hivyo hujui kama ilitolewa mara moja, mara mbili, au haikutolewa kabisa. Mgonjwa amerudishwa chumba cha upasuaji siku ya tatu na sababu iliyoandikwa ni neno moja. Hivyo idadi yoyote inayopatikana kwa kusoma mafaili yetu ni ndogo kuliko hali halisi, na daftari linalopendekezwa lingeanza kuziba pengo hilo.

Ushahidi kwamba utaratibu rahisi husaidia tunao hapahapa nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha ya usalama wa upasuaji, ile inayomtaka kila mmoja mezani athibitishe jina la mgonjwa, sehemu inayopasuliwa na antibayotiki kabla ya kisu, na hesabu ya vitambaa vya gozi kabla mgonjwa hajatoka, hospitali nane zilichaguliwa duniani, na mojawapo ilikuwa ya Mtakatifu Francis pale Ifakara, pamoja na hospitali za London, Toronto, Seattle, New Delhi, Manila, Amman na Auckland. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Kwa hospitali zote kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Tuliokuwa kazini tunakumbuka kwamba muda mfupi kabla ya hapo, Novemba 2007, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, aliyekuwa na tatizo la goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Mwaka 2018 Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, nayo ilifungua kichwa cha mgonjwa asiyestahili. Katika matukio yote mawili kilichokosekana ni kumtambua mgonjwa kwa uhakika kabla ya kuanza, kazi ya dakika moja.

Wakili

Nimesoma kwa makini na nashukuru kwa mjadala wa kiwango hiki. Naomba kuongeza upande wa sheria, kwa sababu naona mawakili tumekuwa wahusika wasiosikilizwa hapa.

Daktari ana haki anaposema kwamba madai na uzembe havilingani. Brennan na wenzake waliyafuatilia madai ya New York hadi mwisho, wakachapisha mwaka 1996 kwamba kilichotabiri malipo hakikuwa uzembe, bali ukubwa wa ulemavu aliobaki nao mgonjwa. Hata hivyo, utafiti mkubwa zaidi wa David Studdert na wenzake wa mwaka 2006, uliopitia madai 1,452 yaliyokwisha kufungwa, ulionyesha mahakama na kampuni za bima hazibahatishi kiasi hicho: karibu robo tatu ya madai yasiyo na kosa hayakulipwa, na karibu robo tatu ya yenye kosa yalilipwa. Aibu ya mfumo ule iko kwingine. Kwa kila dola iliyolipwa kama fidia, senti 54 ziliishia kwa mawakili, mashahidi wataalamu na mahakama, na kwa wastani ilichukua miaka 5 tangu kuumia hadi shauri kumalizika. Mjane hawezi kulea watoto kwa shauri la miaka 5.

Nchi nyingine zilichagua njia tofauti. New Zealand tangu mwaka 1974 ina mfuko wa umma unaomhudumia kila aliyeumia kwa ajali, ikiwemo aliyeumizwa na matibabu, naye kwa upande wake hawezi kudai fidia hiyo mahakamani. Kwa miaka mingi mfuko huo bado ulidai ionyeshwe kwamba kulikuwa na kosa la mtaalamu au bahati mbaya adimu na kubwa. Mwaka 2005 sharti hilo liliondolewa, kwa sababu kutafuta wa kulaumiwa kuliwafanya madaktari wasite kumsaidia mgonjwa kujaza fomu yake. Sweden ina bima ya wagonjwa tangu mwaka 1975, nayo huuliza kama madhara yangeweza kuepukika, haiulizi nani mzembe.

Kwetu Tanzania hali ni tofauti kabisa na Marekani, na hapa natofautiana na mzee wa bodi. Anayetaka kudai fidia kwa kuumizwa ana miaka 3 chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda. Kama hospitali ni ya serikali, anatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90. Anahitaji nakala ya faili, na anahitaji daktari mwingine aliye tayari kusimama na kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake, jambo ambalo katika mji mdogo ni gumu kuliko yote mengine. Hatari ya mafuriko ya kesi katika hospitali ya wilaya ni ndogo sana. Wateja wengi wanaonijia hawaanzi kwa kuuliza kiasi cha fedha. Wanauliza nini kilitokea, na wamekuja kwangu kwa sababu hakuna mtu hospitalini aliyewaketisha chini na kuwaeleza.

Mjumbe wa Bodi (mwenye swali)

Nawashukuru mno. Imebaki hoja moja ambayo najua mwenzangu ataileta: hata kama kesi ni chache, hospitali haina fedha. Kama tutaandika madhara, ni nani atakayeyalipia?

Mchumi wa Afya

Ndugu Mjumbe, yanalipiwa tayari, na ndiyo sababu nimevutiwa na mjadala wenu. Mello, Studdert, Brennan na wenzao walitumia mafaili ya Utah na Colorado kuuliza gharama za walioumizwa hospitalini zinaishia kwa nani, na mwaka 2007 wakachapisha kwamba hospitali zenyewe zilibeba asilimia 22 tu. Asilimia 78 iliwaangukia wagonjwa, familia zao, waajiri na mifuko ya bima. Hospitali isiyobeba gharama ya kosa lake haina msukumo wa kifedha wa kulizuia, hata kama watumishi wake wana moyo mwema.

Katika hospitali yenu hesabu hii ni rahisi zaidi kuiona. Mama aliyefanyiwa upasuaji wa uzazi akapata maambukizi ya kidonda hukaa wodini siku nyingi za ziada. Dawa kali zaidi hununuliwa, mara nyingi duka la nje ya geti, na ndugu ndio wanaonunua. Aliyekuja kumuuguza ameacha shamba au genge lake. Kitanda hakipatikani kwa mwingine. Ripoti ya mwaka 2017 ya shirika la nchi tajiri, OECD, ilikadiria kwamba karibu asilimia 15 ya matumizi ya hospitali katika nchi hizo huenda katika kushughulikia madhara ya namna hii. Daftari halitazalisha gharama hizo. Litazionyesha tu mahali ambapo hospitali na halmashauri wanaweza kuziona.

Kuhusu hofu ya kwamba uwazi huleta kesi, mwonyesheni mwenzenu mfano wa hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan, ambazo tangu mwaka 2001 zilianza kumweleza mgonjwa wazi kilichotokea, kuomba radhi na kutoa fidia pale kosa lilipokuwa lao. Utafiti wa Allen Kachalia na wenzake wa mwaka 2010 ulikuta kwamba madai mapya yalipungua kutoka 7.03 hadi 4.52 kwa kila mahudhurio 100,000. Hospitali moja haithibitishi kila kitu, na madai yalikuwa yakipungua mahali pengine pia, lakini kesi hazikuongezeka kama ilivyohofiwa.

Daktari wa Upasuaji

Kwa hilo la mwisho nitaliunga mkono daftari, kwa sharti moja ambalo naomba liandikwe ndani ya pendekezo lenyewe: jina la mtumishi lisiwemo, na lisitumike kumwadhibu mtu. Makosa ya makusudi na ya ulevi yana njia yake kwenye Baraza la Madaktari. Mkichanganya mambo haya mawili, ndani ya mwezi mmoja daftari litakuwa tupu.

Muuguzi Mstaafu

Daktari amesema vyema. Mjumbe, hamhitaji kubuni kitu kipya, kwa kuwa hospitali zetu tayari hufanya vikao vya kupitia vifo vya wajawazito na vichanga, ambavyo kusudi lake ni kutafuta chanzo bila kumtafuta mtu wa kulaumu. Ombeni kikao hichohicho kipewe muda wa kupitia pia waliosalimika. Anzeni na makundi mawili ambayo karani wa masjala anaweza kuyatoa bila gharama: waliorudishwa chumba cha upasuaji baada ya upasuaji wa kwanza, na wazazi waliorudi na kidonda kibovu baada ya kuruhusiwa. Mwombeni pia mganga mfawidhi aruhusu muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi na mmoja wa chumba cha upasuaji wahudhurie, kwa sababu wao ndio wanaojua ni usiku gani ambapo sterilaiza, mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa, haikufanya kazi.